Fyuzi ya Mashua Iwe ya Kiasi Gani?

Wanachama wetu wengi, na hasa wale wa Pemba, wana mikarafuu juu na chombo pwani. Karafuu ikishachumwa, ikaanikwa na kuuzwa, mashua ndiyo ishikayo nyumba mpaka msimu mwingine. Zamani taa ya chombo ilikuwa fanusi au karabai, na aliyejua kutia mafuta na kubadili utambi alikwisha jua yote. Siku hizi chombo kina betri, taa za umeme tezi na omo, pampu ya kutoa ngama, na mahali pa kuchaji simu za mabaharia. Kila kimoja katika hivyo kina waya wake, na kila waya wataka fyuzi yake. Mafundi wa kufunga taa ni wengi, lakini ukimwuliza fundi kwa nini ametia fyuzi ya ampea 20 wala si ya 10, aghalabu atakujibu kuwa ndiyo aliyoikuta dukani. Jibu hilo halitoshi, na makala haya ni kwa ajili ya kutafuta lililo bora zaidi.

Tutakwenda mbali kidogo, mpaka Nansio, kwa kuwa huko mambo ya taa juu ya maji ni chakula cha kila siku. Nansio ni mji mkuu wa Wilaya ya Ukerewe, na Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Kutoka Mwanza mtu hupanda meli, akakaa humo kiasi cha saa tatu, ndipo akashuka gatini Nansio. Au huzunguka kwa barabara mpaka Kisorya akavuka kwa kivuko kwenda Rugezi. Kwa vyovyote hana budi kuvuka maji, kama sisi tulivyo. Na kazi kubwa ya watu wa huko ni dagaa, samaki mdogo ambaye huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga. Siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, maana mwanga wa mwezi hushinda wa taa. Siku za giza ziwa huwaka kama mji.

Kwa miaka mingi mji huo uliwashwa kwa karabai zilizowekwa juu ya vyelezo vya mbao. Miaka ya karibuni taa za LED zimeingia kwa wingi, zikitiwa nguvu na betri za pikipiki au za gari ambazo mchana huchajiwa kwa jua au kwa umeme wa mjini. Faida yake yaonekana: hakuna mafuta ya taa ya kununua kila jioni, hakuna vioo vya kupasuka, wala upepo hauizimi. Wavuvi wetu wa dagaa wa Unguja nao wameifuata njia hiyo hiyo. Ila kuna jambo moja ambalo karabai ilikuwa bora. Karabai ikiharibika hupiga kelele: yanuka, yavuja, yatoa moshi, yazima. Waya ukiharibika hukaa kimya chini ya mbao, na wa kwanza kujua huwa ni ule ubao.

Fyuzi ndiyo iliyowekwa hapo ili waya usipate nafasi ya kuuchoma ubao. Ni kipande kifupi cha madini kilichofanywa dhaifu makusudi, kikapewa kazi moja tu, nayo ni kufa kabla ya waya. Fikra yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1847 Mfaransa Louis Bréguet alishauri kuwa katika simu za maandishi zitumiwe vipande vya waya mwembamba, ili radi ikipiga viyeyuke hivyo na vyombo vipone. Mwaka 1890 Edison wa Marekani aliandikisha fyuzi yake miongoni mwa vifaa vya kugawia umeme mijini. Tangu hapo sura imebadilika mara nyingi, ila kazi haikubadilika.

Hapa ndipo wengi wapoteapo. Watu hudhani kuwa fyuzi imewekwa kulinda taa, au pampu, au redio. Kwa hiyo wakitaka kuchagua fyuzi huitazama taa. Taa ikiungua hasara yake ni bei ya taa. Waya ukiungua hasara ni chombo, na pengine watu waliomo. Fyuzi ni ya waya. Taa hukwambia fyuzi isiwe ndogo kuliko kiasi gani; waya hukwambia isiwe kubwa kuliko kiasi gani; na ikiwa maneno yao hayapatani, anayetiiwa ni waya, na waya huo ndio wa kubadilishwa.

Tena yako madharau ambayo betri ya volti 12 huyapata kwa sababu haimpigi mtu. Unaweza kuzishika ncha zake mbili kwa mikono mikavu na usisikie kitu, basi mtu huona ni kama mchezo wa watoto. Betri ya gari iliyojaa, ncha zake zikikutanishwa kwa waya usio na fyuzi, yaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mwembamba ukipitishwa mamia ya ampea huwa mwekundu kama kaa la moto kwa muda wa kuhesabu vidole vya mkono, mpira wake ukayeyuka na kuwaka. Sasa ufikirie umelala wapi: juu ya mbao zilizokwisha kunywa sifa na mafuta miaka mingi, karibu na dumu la petroli.

Tuchukue mtumbwi mmoja wa dagaa, wa namna ile ionekanayo Nansio, tuupigie hesabu. Betri ya volti 12 iko tezi, taa ziko omo, na baina yake ni mita 8. Kuna taa nne, kila moja ya wati 15. Jumla ni wati 60. Ukigawanya wati kwa volti wapata ampea: 60 kwa 12 ni ampea 5. Fyuzi haitakiwi ifanye kazi ukingoni usiku kucha, basi huongezwa robo, na robo ya 5 juu ya 5 ni 6 na kidogo. Hakuna fyuzi ya 6 na kidogo dukani; inayofuata kwenda juu ni ya 7.5. Hiyo ndiyo taa itakayo.

Sasa tuuulize waya. Waya upimwao dukani kuwa wa 1.5, yaani shaba yake ina milimita za mraba 1.5, ukipita penye joto, umefungwa pamoja na wenziwe chini ya mbao, haifai kupewa fyuzi inayozidi ampea 10. Wa 2.5 tuupe 15. Wa 4 tuupe 20. Ule mwembamba wa 0.75, ambao hutumiwa kwa vitu vidogo, tuupe 5. Ziko jedwali zinazoruhusu zaidi ya hivyo kwa waya mzuri wenye ganda linalostahimili joto, uliopita mahali penye hewa. Lakini waya wa madukani kwetu hauji na cheti, na wakati mwingine maandishi yasema 1.5 na shaba ya ndani yakataa. Afadhali kukaa upande wa salama. Basi katika mtumbwi wetu fyuzi ya 7.5 yatosha taa, wala haizidi 10 ya waya. Wamepatana.

Wasiwasi huanza mwezi wa pili. Mwenye chombo aona jirani ana taa kumi na avua zaidi. Naye aongeza ziwe kumi. Wati 150 sasa, ampea 12 na nusu. Usiku wa kwanza fyuzi yakatika. Atia ya 10, yakatika. Mwenziwe ampa ya 20, na hapo taa zote zawaka vizuri mpaka alfajiri, na kila mtu afurahi. Lakini waya bado ni ule ule wa 1.5. Wachukua mzigo usio wake usiku hata usiku, ganda lake lapata moto na kupoa, lakauka, lapasuka. Siku moja kamba ya nanga yausugua, shaba yagusa shaba, na fyuzi ya 20 yaruhusu moto mwingi upite kabla haijakatika. Fyuzi zile mbili za kwanza zilikuwa zimesema kweli. Taa kumi zataka 12 na nusu na robo yake juu, yaani 15 na zaidi kidogo, kwa hiyo fyuzi ni 20 kweli; ila fyuzi ya 20 ni ya waya wa 4. Aliyetaka taa kumi alipaswa kununua waya kwanza.

Na hata kama usingeungua, waya mwembamba humwibia mwenyewe. Umeme hwenda mita 8 na kurudi mita 8, na njiani hupungua. Katika mtumbwi wetu wa taa nne, waya wa 1.5 hupoteza karibu volti nzima kati ya zile 12. Wa 4 hupoteza kiasi cha theluthi moja ya volti. Taa zisizo na kidhibiti chake zitang'aa kwa tofauti inayoonekana kwa macho. Kwa hiyo fedha ya waya mnene hairudi kwa usalama peke yake, hurudi kwa mwanga pia, na mwanga ndio ulioupeleka mtumbwi majini.

Jambo jingine ni kuwa fyuzi hutazama waya mwembamba kuliko wote katika njia yake. Waweza kuvuta waya mzuri wa 4 kutoka tezi, ukaupa fyuzi ya 20, kisha kijana mmoja akachomeka hapo mkia wa 0.75 wa kuchajia simu. Mkia huo sasa una mlinzi ambaye hataamka mpaka zipite ampea 20, na zamani utakuwa umekwisha kuwa majivu. Ama mkia upewe fyuzi yake ndogo pale pale unapoungwa, ama usiungwe.

Mahali pa fyuzi nako kuna kanuni, na yaeleweka bila ya kukariri. Fyuzi hulinda kilicho mbele yake tu. Waya ulio baina yake na betri hauna mlinzi. Basi fyuzi iwekwe upande wa chanya, karibu na betri iwezekanavyo. Kanuni za vyombo vidogo za Marekani husema inchi 7, ambazo ni pungufu ya shubiri ya mtu mzima. Mara nyingi twaona fyuzi imefungwa omo, karibu na taa, kwa sababu hapo ni rahisi kuifikia. Fyuzi hiyo yalinda taa, na mita 8 za waya chini ya mbao zimeachwa yatima. Hata hivyo isifungiwe ndani ya kisanduku kimoja na betri. Betri ikichajiwa hutoa hewa iwakayo, na fyuzi ikikatika yaweza kutoa cheche. Iwe nje ya kisanduku, juu, mbali na petroli, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa nao hushuka chini kwenye ngama na kukaa huko.

Wengine hufikiri kuwa fyuzi ya 10 hukatika ampea ya 11 ikipita. Sivyo. Fyuzi za bapa za magari, ambazo ndizo tuzionazo zaidi, zikipitishwa mara moja na theluthi hivi ya kiasi chake zaweza kustahimili hata dakika 10. Zikipitishwa mara mbili hukatika kwa sekunde chache. Kwa hiyo fyuzi haiwezi kuwa mizani ya kupimia mzigo. Ni mlango wa kufungwa wakati wa hatari. Ndiyo sababu nyingine ya kutoijaza waya mpaka shingoni.

Kuna na moto ambao fyuzi hauuoni kabisa. Kiungo kilicholegea, au kilicholiwa na chumvi, hupata moto kwa ampea zile zile za halali. Taa zavuta 5, fyuzi yaona 5, yote sawa. Kumbe pale penye kiungo pana joto la kuyeyusha mpira. Katika hili Nansio wametushinda kwa bahati, maana maji yao ni baridi. Maji yetu ya chumvi huigeuza shaba kuwa ya kijani katika muda mfupi, na ukilivua ganda waona kutu imetambaa ndani ya waya mbali kuliko ulivyodhania. Waya uliopakwa bati, ukipatikana, ndio bora baharini. Usipopatikana, viungo viwe vichache, vibanwe kwa kifaa chake, vipakwe mafuta ya mgando na kufunikwa. Kisha usiku taa zikiwa zimekwisha kuwaka saa moja, mtu apitishe mkono kwenye kila kiungo. Kilicho moto kina kasoro, fyuzi iseme isiseme.

Waya wa nyumba wenye uti mmoja mgumu nao haufai chomboni, ingawa ni rahisi. Mashine hutetemesha, mawimbi hupiga, na uti mmoja huchoka ukavunjika ndani ya ganda lake. Chombo chataka waya wa nyuzi nyingi.

Juu ya pampu ya ngama tuna neno moja zaidi. Pampu ndogo huvuta ampea 2 au 3, na mwenye kuitengeneza huandika juu yake fyuzi itakiwayo. Hapa maandishi yafuatwe hata kama waya waweza zaidi, maana takataka ikiingia na kuikwamisha, pampu huvuta umeme mwingi bila ya kuzunguka mpaka ikaungua yenyewe. Na iwe na njia yake, isishirikiane na taa. Taa zikiharibika usiku huo pampu ibaki hai. Waya mnene wa kuwashia mashine ni habari mbali; huo huvuta ampea nyingi kwa nukta chache, aghalabu hauwekewi fyuzi, bali huwa mfupi, mnene, na umefungwa usisuguliwe na kitu.

Sasa tuseme wazi kwa nini watu hutia fyuzi kubwa, kwani si ujinga. Fyuzi ikikatika katikati ya maji usiku, kazi ya usiku ule imekwenda. Petroli imekwisha kununuliwa, mabaharia wamekwisha kuja, na dagaa hawangoji. Tena chombo kisicho na taa gizani chaweza kugongwa na kikubwa. Mtu katika hali hiyo atatia msumari, atatia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, atatia uzi wa shaba, taa ziwake. Kumlaumu hakusaidii. La kusaidia ni fyuzi isiwe ndogo kuliko haki tangu mwanzo, waya uwe mnene wa kutosha, na akiba ya fyuzi iwemo chomboni. Mwenye akiba hatii msumari.

Moto majini si kama moto shambani, ambako mtu hukimbia akasimama pembeni. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2019, huko California, chombo cha wapiga mbizi kiitwacho Conception kiliungua kikiwa kimetia nanga, na watu 34 waliolala chini wakafa. Wachunguzi hawakuweza kukata shauri moto ulianzia kwa nini hasa, ila miongoni mwa mambo yaliyotajwa kuwa yawezekana ni nyaya za chombo na betri zilizokuwa zikichajiwa usiku ule. Na hicho kilikuwa chombo cha nchi yenye vifaa vyote.

Mwenye kupakia karafuu afikirie tena mara mbili. Karafuu kavu, kati ya sehemu mia, 15 mpaka 20 huwa ni mafuta, nayo imo ndani ya magunia. Kwa hiyo waya usipite chini ya shehena. Ikiwa hapana budi upite, basi uwe ndani ya bomba, juu ya maji ya ngama, na swichi kubwa ya kukata betri iwe mahali ambapo nahodha aweza kuifikia bila ya kusogeza gunia hata moja. Penye harufu ya mpira unaoungua, swichi hiyo ndiyo ya kwanza kushikwa, kabla ya ndoo.

Fyuzi za bapa hutambulikana kwa rangi: ya 5 ni ya rangi ya mchanga, ya 7.5 kahawia, ya 10 nyekundu, ya 15 buluu, ya 20 manjano, ya 30 kijani. Kwa mwanga wa tochi ya mchanga na ya manjano hufanana sana, na tofauti yake ni mara nne, basi isomwe namba iliyochorwa juu yake. Zichukuliwe mbili mbili za kila kiasi kilichomo chomboni, wala isichukuliwe iliyo kubwa zaidi, ili isije ikashawishi. Zitiwe ndani ya chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko, pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa njia ipi ni ya ampea ngapi. Ya kwanza ikikatika, zima vyote, tazama waya tangu betri mpaka taa, kisha tia ya pili ya kiasi kile kile. Ya pili nayo ikikatika, njia hiyo iachwe imezimwa mpaka asubuhi, na chombo kirudi kwa taa ya mkononi.